Kuongoza Biashara ya Bidhaa za Matumizi ya Kila Siku: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa chini huulizwa na vijana wanaotafuta ajira ya kwanza, na mameneja wa mauzo na masoko wanaotaka kupanda, na hata wakurugenzi waliobakiza hatua moja kufika kiti cha juu. Bidhaa zinazozungumziwa ni sabuni, dawa ya meno, vinywaji, vyakula vya paketi, nepi, vipodozi na vingine vya namna hiyo, vitu ambavyo mtu hununua, akavimaliza, akarudi dukani. Huko kurudi dukani ndiko kunakolisha biashara nzima, na kiongozi anayesahau hilo hudumu kwa muda mfupi.

Kiongozi wa biashara hii hufanya kazi gani hasa?

Hubeba hesabu ya faida na hasara. Meneja wa matangazo anaweza kujivunia tangazo lililopendwa, na meneja wa kiwanda akajivunia mashine ambazo hazikusimama mwezi mzima. Mwenye dhamana ya faida na hasara hana pa kujificha. Tangazo likipendwa huku mzigo umelala, ataulizwa yeye. Kiwanda kikizalisha mpaka ghala likafurika, ataulizwa yeye pia.

Siku zake hupita katika kupanga bei, kugawa fedha za matangazo baina ya chapa, kujadiliana na wenye maduka makubwa, kusikia kwa nini kifungashio kipya kinavuja, na kuchagua nani apewe soko gani. Sehemu ngumu zaidi ni kukataa. Mawazo mazuri huwa mengi kuliko fedha, na kila chapa ina watu wanaoipenda na walio tayari kuitetea. Mwaka 2000 Unilever, kampuni kubwa ya sabuni na vyakula, ilipoanza kutekeleza mpango wa kupunguza chapa zake kutoka zipatazo 1,600 hadi 400 hivi, kila iliyoondolewa ilikuwa na meneja wake, historia yake na wateja wake. Kuamua ipi ife ili nyingine ipate fedha za kukua ni kazi ya kiongozi, wala hawezi kumtwika mtu mwingine.

Nianzie idara gani: mauzo, masoko, fedha au ugavi?

Ukipata nafasi, anza na mauzo. Zunguka na gari la msambazaji, panga bidhaa rafuni kwa mikono yako, simama mbele ya mwenye duka anayekwambia kuwa bidhaa yako haitoki na hataki kuiona tena. Utajua mambo ambayo hakuna ripoti itakayokueleza: kwamba katoni lako halienei kwenye rafu, kwamba mshindani anamlipa muuzaji ili akuweke chini kabisa karibu na sakafu, kwamba pakiti ndogo inauzwa kabla ya saa tano asubuhi na kubwa inakusanya vumbi. Anayepanda bila kupita huku huongoza kwa kusimuliwa.

Kwa miaka mingi masoko ndiyo iliyokuwa njia kuu ya kufika juu, kwa sababu meneja wa chapa hugusa kidogo kila idara. Siku hizi fedha imekuwa njia pana. Indra Nooyi alikuwa afisa mkuu wa fedha wa PepsiCo kabla ya kuiongoza kuanzia 2006. Jon Moeller alishika nafasi kama hiyo Procter & Gamble, kampuni ya Marekani ya sabuni na nepi, kabla ya kuwa afisa mtendaji mkuu mwaka 2021. Paul Polman aliwahi kuwa afisa mkuu wa fedha wa Nestlé kabla ya kuongoza Unilever kuanzia 2009. Ugavi nao, uliodharauliwa kwa muda mrefu kama kazi ya maghala na malori, ulipata heshima yake mwaka 2020 pale rafu zilipokauka na kila bodi ikataka kujua malighafi zinatoka wapi.

Kwa hiyo idara ya kwanza haikufungi maisha. Jambo la kuangalia ni hili: ukifikisha miaka kumi kazini na bado hujawahi kushika fedha ambazo kupotea kwake kungekuwa juu yako, omba nafasi ya namna hiyo hata kama cheo chake ni kidogo kuliko ulicho nacho.

Ni lazima niwe na shahada ya uzamili ya biashara?

Hapana. Inasaidia kufungua mlango, hasa kwa anayehama kutoka fani nyingine. A. G. Lafley, aliyekuja kuiongoza Procter & Gamble, alikuwa afisa wa ugavi katika jeshi la majini la Marekani, akisimamia maduka ya kambini huko Japani, kabla ya kusoma Harvard na kuingia kampuni hiyo mwaka 1977. Roberto Goizueta wa Coca-Cola alisomea uhandisi wa kemia. Irene Rosenfeld, aliyeongoza kampuni za vyakula za Kraft na baadaye Mondelez, ana shahada ya uzamivu. Baada ya miaka mitano ya kazi, watakachokuuliza ni ulichokifanya na chapa uliyokabidhiwa.

Nafasi ya meneja wa chapa ilitoka wapi, na bado ina maana?

Mei 1931 Neil McElroy, kijana wa Procter & Gamble mjini Cincinnati, alikuwa akishughulikia matangazo ya sabuni ya Camay. Camay ilikuwa inapigana na sabuni za kampuni nyingine, na papo hapo ilikuwa inafunikwa na Ivory, sabuni ya kampuni hiyohiyo. McElroy akaandika waraka wa kurasa tatu akipendekeza kila chapa iwe na watu wake. Watu hao wafuatilie mauzo eneo kwa eneo, wajue wapi bidhaa inakwenda na wapi imelala, watoke ofisini wakazungumze na wafanyabiashara, kisha waje na mpango wa kutibu tatizo. McElroy alikuja kuwa rais wa kampuni hiyo mwaka 1948, na baadaye Waziri wa Ulinzi wa Marekani kuanzia 1957 hadi 1959.

Wengi wanaomtaja McElroy humtaja kama baba wa masoko ya kisasa. Angalia hata hivyo alichotaka: meneja wake wa chapa huanza kwa kusoma mizigo iliyotoka na kwenda kuhoji wanaouza. Tangazo huja baadaye, kama dawa inayofuata uchunguzi. Mameneja wengi wa leo hutumia juma zima wakijadili rangi za tangazo na hawajui bidhaa yao ilikosekana katika maduka mangapi juma lililopita. Kazi hii bado ina maana kubwa kwa anayeifanya kama alivyoielezea yeye.

Hesabu gani lazima nizijue kichwani?

Ya kwanza ni ya punguzo la bei. Tuseme unauza kitu kwa 100, na gharama ya kukitengeneza na kukifikisha ni 60. Kinabaki 40. Mtu wa mauzo anakuja na ombi la kupunguza bei kwa asilimia 10 ili mzigo utoke. Sasa unauza 90, kinabaki 30. Ili upate fedha zilezile za mwanzo lazima uuze theluthi moja zaidi ya ulivyokuwa ukiuza, na hapo hujamlipa aliyebandika mabango ya promosheni. Mara nyingi mauzo hupanda juma la promosheni, kisha hushuka majuma yanayofuata kwa sababu wateja walishajaza kabati. Ukipandisha bei kwa asilimia 5, kinabaki 45, na unaweza kupoteza takriban mteja mmoja katika kila tisa kabla hujaanza kupata hasara kuliko ulivyokuwa. Fanya hesabu hii kwa kila bidhaa unayoisimamia, mpaka uweze kuijibu ukiamshwa usingizini.

Ya pili ni kutofautisha ukuaji wa bei na ukuaji wa kiasi. Mfumuko wa bei ulipopanda mwaka 2022 na 2023, kampuni nyingi kubwa za bidhaa hizi zilitangaza mauzo yanayokua huku idadi ya pakiti zilizouzwa ikishuka. Fedha ziliongezeka, wanunuzi wakapungua. Kiongozi anayesoma mstari wa juu peke yake, yaani jumla ya fedha za mauzo, angeandaa sherehe.

Ya tatu ni fedha zilizolala. Mzigo ulio ghalani ni fedha zako zilizofungiwa. Deni la msambazaji ni fedha zako zilizo mfukoni mwa mtu mwingine. Kampuni inaweza kuonyesha faida nono kwenye karatasi na wakati huohuo ikakosa fedha za kulipia malighafi. Jifunze kuhesabu siku: mzigo unakaa siku ngapi, wateja wanalipa baada ya siku ngapi, nawe unawalipa wauzaji wako baada ya siku ngapi.

Bosi wangu anataka niwajazie wasambazaji mzigo mwisho wa robo mwaka. Nifanye nini?

Hili huulizwa kwa kunong'ona, na ni swali zito kuliko yote yaliyo kwenye ukurasa huu.

Mchezo wenyewe unajulikana. Lengo la robo mwaka halijafikiwa, zimebaki siku chache, basi msambazaji anapewa punguzo au muda mrefu wa kulipa ili achukue mzigo asiouhitaji. Kwenye vitabu vya kampuni mauzo yamepatikana. Dukani hakuna kilichobadilika. Robo inayofuata msambazaji hanunui kwa sababu ghala limejaa, nawe unaanza ukiwa na shimo, kwa hiyo unamsukumia zaidi. Mwisho wake bidhaa zinakaribia kuisha muda, msambazaji anazitupa sokoni kwa bei ya chini, wenye maduka wanaona bei ya kweli ni hiyo, na chapa iliyojengwa kwa miaka inashuka thamani mbele ya macho ya watu. Inapovuka mpaka ikawa kudanganya wanahisa, ni kosa la kisheria na watu wamefikishwa mahakamani kwa ajili yake.

Jibu langu: kila mwezi, weka namba mbili kwenye karatasi moja. Ya kwanza ni kiasi ulichomuuzia msambazaji, ya pili ni kiasi ambacho duka limemuuzia mlaji. Iwasilishe karatasi hiyo kwa bosi wako mapema, katikati ya robo, kabla presha haijapanda. Namba hizo mbili zikianza kuachana, sema kwa sauti na kwa maandishi. Mabosi wengi hurudi nyuma wakiona mtu anaandika. Asiyerudi nyuma amekuonyesha kwamba hapo si pa kujengea jina lako, nami ningekushauri uanze kutafuta kwingine ukiwa bado unaheshimika.

Nikae kwenye nafasi moja kwa muda gani?

Kaa mpaka uone matokeo ya uamuzi wako mwenyewe.

Kampuni nyingi kubwa huwahamisha mameneja wenye vipaji kila baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili. Faida yake ni kwamba wanaona mengi upesi. Hasara yake haizungumzwi vya kutosha. Mwaka wa kwanza unatekeleza mipango ya aliyekutangulia. Mwaka wa pili unazindua ya kwako. Matokeo yanakuja mwaka wa tatu, na wakati huo uko soko jingine, ukisubiri kusifiwa au kulaumiwa kwa mipango ya mtu mwingine. Anayepanda ngazi sita kwa mtindo huo anaweza kufika juu bila kuwahi kuishi na kosa lake hata mara moja. Hajui uzinduzi wake uliwahi kudumu, wala hajui punguzo alilotoa lilifundisha wateja kusubiri punguzo.

Wasifu wenye vyeo vingi hung'aa kwenye karatasi. Lakini ukimhoji mwenye wasifu huo umuulize, «Katika yale uliyoyaanzisha, lipi bado liko sokoni?», ndipo unajua uzito wake. Walau mara mbili katika kazi yako, pigania kubaki kwenye nafasi kwa miaka mitatu au minne. Ukiambiwa unahamishwa, omba upewe mwaka zaidi na ueleze sababu. Utaonekana mtu wa ajabu kidogo kwa muda, na utakuwa umepata elimu ambayo wenzako hawana.

Kufika kiti cha juu huchukua muda gani?

Kwa anayekulia ndani ya kampuni moja, miaka ishirini hadi thelathini na zaidi. Lafley alifika juu Procter & Gamble baada ya miaka 23, na Moeller alikuwa ameingia kampuni hiyohiyo mwaka 1988. Kwa anayeingia kutoka nje akiwa tayari mkubwa ni miaka michache. Nooyi aliingia PepsiCo mwaka 1994 na kuiongoza baada ya miaka kumi na miwili, ila alikuwa amekwishapita kwenye ushauri wa biashara na kampuni za viwanda, na kabla ya hapo alikuwa meneja wa bidhaa wa Johnson & Johnson nchini India.

Nikubali kupelekwa nchi nyingine?

Ndiyo, mradi unakwenda kuongoza biashara kamili, hata kama ni ndogo. Soko dogo la ng'ambo hukupa mauzo, kiwanda, fedha, watu na serikali mezani kwako kwa wakati mmoja, mambo ambayo makao makuu yamegawiwa watu watano. Lafley alikuwa Kobe, Japani, akiongoza biashara ya Asia lilipopiga tetemeko la Januari 1995. Ukipelekwa kuwa mratibu wa ripoti za kanda, utajua viwanja vya ndege na hakuna zaidi. Zungumza na familia kabla hujajibu, tena kwa ukweli, kwa sababu wengi wanaorudi kabla ya wakati hurudishwa na mambo ya nyumbani, kazi yenyewe haikuwashinda.

Kosa kubwa likitokea, kazi imeisha?

Inategemea kasi ya kusahihisha. Tarehe 23 Aprili 1985, Coca-Cola chini ya Goizueta ilibadilisha ladha yake. Walikuwa wamewaonjesha watu karibu 200,000, na kinywaji kipya kilishinda. Kilichokosekana kwenye utafiti ni swali la kama watu wangekubali cha zamani kiondolewe. Malalamiko yakamiminika, na siku 79 baadaye, tarehe 11 Julai, kampuni ikatangaza kukirudisha. Goizueta aliendelea kuongoza hadi alipofariki mwaka 1997, na anahesabiwa miongoni mwa viongozi waliofanikiwa sana katika sekta hii. Siku 79 ni chache kwa kampuni ya ukubwa ule kumeza uamuzi wake hadharani. Wengi wangeongeza fedha za matangazo na kusubiri mwaka mzima.

Na ikiwa bidhaa imedhuru watu?

Iondoe sokoni. Mwaka 1982, mtu ambaye hajajulikana hadi leo alitia sumu ya sianidi kwenye vidonge vya kutuliza maumivu vya Tylenol vilivyokuwa madukani katika eneo la Chicago, na watu saba wakafa. James Burke, aliyekuwa akiongoza Johnson & Johnson na ambaye naye alianza kazi upande wa chapa, aliamuru chupa zipatazo milioni 31 ziondolewe nchi nzima, kwa gharama iliyozidi dola milioni 100. Sumu haikutoka kiwandani kwake, na wapo walioitabiria chapa hiyo kifo. Ilirudi baada ya miezi michache ikiwa na kifungashio kinachoonyesha kama kimefunguliwa, na wateja wakarudi nayo.

Siku ya tatizo hutakuwa na muda wa kutengeneza utaratibu. Ukishika tu nafasi, uliza: tukiamua leo kurudisha mzigo wote wa bidhaa fulani, tunajua uliko? Nani ana mamlaka ya kuamua usiku wa manane? Kama majibu yanasuasua, hiyo ndiyo kazi yako ya mwezi wa kwanza.

Kupunguza gharama ni njia nzuri ya kujijengea jina?

Ni njia ya haraka, ndiyo maana inavutia. Kampuni za vyakula za Kraft na Heinz ziliunganishwa mwaka 2015 zikiungwa mkono na 3G Capital, wawekezaji wanaosifika kwa kubana kila matumizi, pamoja na kampuni ya uwekezaji ya Berkshire Hathaway. Faida kwa kila kilichouzwa ilipanda. Februari 2017 kampuni hiyo ikajaribu kuinunua Unilever kwa takriban dola bilioni 143, Unilever ikakataa, na ombi likaondolewa ndani ya siku mbili. Miaka miwili baadaye, Februari 2019, Kraft Heinz ikakiri kwamba thamani ya baadhi ya chapa zake imeshuka, ikafuta dola bilioni 15.4 kwenye vitabu vyake.

Upotevu upo kila mahali na kiongozi ana wajibu wa kuukata. Safari zisizo na sababu, ofisi kubwa kupita mahitaji, aina arobaini za kifungashio kwa bidhaa moja, vyote hivyo viondoke. Fedha zinazompa mlaji sababu ya kurudi ni jambo jingine: ubora wa malighafi, utafiti, matangazo. Ukikata hapo, mwaka wa kwanza hakuna atakayegundua, na hapo ndipo hatari ilipo.

Wanawake wanapata nafasi kweli?

Wanapata, ila bado ni wachache kuliko wanavyostahili, ukizingatia nani hununua nyingi ya bidhaa hizi. Leena Nair aliingia Hindustan Lever, kampuni ya Unilever nchini India, kama mwanafunzi wa uongozi mwaka 1992, akapanda kupitia rasilimali watu hadi ngazi ya juu ya Unilever, na Januari 2022 akachukua uongozi wa Chanel, kampuni ya mitindo na manukato. Ushauri wangu kwa mwanamke anayeanza ni kuwa macho anapopelekwa kwenye kazi za kusaidia, kama mawasiliano na shughuli za jamii, huku wenzake wa kiume wakipewa masoko ya kuendesha. Nair alifika kwa njia hiyo, lakini wengi hawafiki. Uliza moja kwa moja lini utapewa biashara yako.

Bodi huuliza nini kwenye usaili wa mwisho?

Huuliza kwa nini ulishinda. Ukisema timu yako ilijituma, hujajibu. Eleza bei ilivyokuwa, mshindani alivyofanya, fedha ulizohamisha kutoka wapi kwenda wapi, na kipi kingetokea usingefanya hivyo. Watauliza pia ulimwachisha kazi nani na kwa nini, na nani uliyemlea sasa anaongoza mahali. Jibu la swali hilo la mwisho huwezi kuliandaa usiku mmoja.

Nimepewa chapa inayokufa. Niikubali?

Kwanza jua inakufa kwa nini. Ikiwa watu wanaoitumia bado wanaipenda lakini hawaipati dukani, au wanaipata kwa bei isiyoeleweka, ikubali leo. Tatizo hilo linatibika, na matokeo yake yataonekana kwa jina lako. Ikiwa hitaji lenyewe linatoweka, watu wameacha kabisa kutumia vitu vya aina hiyo, basi ikubali kwa masharti: makubaliano ya maandishi kwamba kazi yako ni kukusanya fedha zilizobaki na kuifunga kwa heshima, na kwamba utapimwa kwa hilo. Kabla ya kusaini lolote, tembelea maduka ishirini bila kujitambulisha, kisha nenda nyumbani kwa watu watano ambao bado wanainunua na uwaombe wakuonyeshe wanavyoitumia.